Oili ya Rangi ya Asali

Wanawake wengine huolewa wakamkuta mke mwenza ndani. Mimi wangu nilimwona akiletwa mchana kweupe, anang'aa, na mume wangu ameketi nyuma ya usukani anacheka peke yake. Nilimpokea vizuri kwa sababu nilidhani ni pikapu tu. Sikujua kwamba ndiye atakayeogeshwa kila Jumamosi kabla ya watoto, wala kwamba yeye akikohoa mume wangu atatoka kitandani, na mimi nikikohoa nitaambiwa ninywe maji.

Lakini alitulisha, siwezi kumsengenya zaidi ya hapo. Alibeba mchanga, matofali, vitanda vya maharusi, na mara nyingine hata jeneza. Watoto wetu wote walisomeshwa na ile bodi ya nyuma. Na muda wote huo oili ya injini yake haijawahi kumwagwa na mtu mwingine ila mume wangu, hapa hapa uani, kati ya kamba ya nguo na tangi la maji. Kwa mambo mengine gereji alikwenda. Kwa oili ya injini, thubutu!

"Dereva anayemwagiwa oili na mtu mwingine," husema, "ni sawa na mwanamume mzima anayeogeshwa na jirani."

Utingo wake ni mimi. Yeye huingia chini ya gari kwa mgongo, mimi hukaa juu ya ndoo iliyopinduliwa karibu na tairi la mbele, spana zimepangwa juu ya gunia. Anatoa mkono, naweka spana. Haombi, nami siulizi. Tukiwa hivyo ndipo tulipozungumza mambo ambayo uso kwa uso yalitushinda. Mimba ya kitinda mimba wetu niliitangazia miguu yake. Siku aliyofiwa na mama yake, alilia akiwa chini ya gari, mimi nikaishika miguu ile ile mpaka akanyamaza.

Kwa hiyo tumbo la mke mwenza wangu nalijua. Chini yake kuna nati mbili za kumwagia oili. Ya mbele ni ya injini, na oili inayotoka hapo huwa nyeusi kama masizi ya sufuria. Ya nyuma ni ya giaboksi. Oili yake ni nzito, ya rangi ya asali, na inanuka kama njiti ya kiberiti iliyozimwa. Siku ya kumwaga oili ya injini nati ya nyuma haiguswi. Na siku hii ninayotaka kuisimulia, fundi wa gereji alikuwa ametoka kubadilisha ile ya giaboksi majuzi tu, wala haikuwa na neno.

Nimeeleza haya mapema ili nikifika mbele mtu asiniulize nilijuaje.

Ugonjwa wenyewe uliingia kwa kunyata. Alianza kusahau majina ya watu, tukacheka, maana majina hata mimi yananikimbia. Kisha siku moja alikwenda sokoni na gari akarudi kwa miguu, mkononi ana kitunguu kimoja, ananiuliza nani amelichukua gari lake. Tukacheka kidogo. Kisha akawachukua wajukuu kuwapeleka shule, akaipita shule, akawapeleka mpaka kwenye ile ghala ya mbao alikokuwa akifanya kazi ujanani. Watu walimkuta amesimamisha gari palipokuwa na geti, anampigia honi mlinzi amfungulie, na ghala yenyewe ilishavunjwa zamani. Wajukuu walikuwa wanalia ndani ya gari. Siku hiyo hakucheka mtu.

Daktari alisema ni ugonjwa wa kusahau, kwamba utakwenda ukizidi, na dawa ya kuurudisha nyuma hana. Alituambia kwa upole sana. Mimi nilimchukia kwa ule upole wake.

Kifungua mimba wangu ni mwalimu, na huzungumza na watu wote kana kwamba kengele imekaribia kulia. Alikuja nyumbani akakaa kwenye kiti cha baba yake bila kujua, akasema, "Mama, tumnyang'anye funguo. Leo."

"Ukamnyang'anye wewe. Mimi sina mkono wa kumnyang'anya baba yako."

"Mama, mficha maradhi kifo humuumbua."

"Usinitolee methali, mimi ndiye niliyekufundisha. Baba yako amesahau njia, hajasahau gari. Kichwa kinaweza kupotea, mikono haipotei."

Niliamini hivyo, na nilitaka aamini na yeye. Tukabishana mpaka chai ikapoa, na mwishowe mimi mwenyewe, kwa ulimi wangu huu, nikatoa wazo: muda wa oili umefika, mwache aimwage peke yake kama siku zote. Akiimaliza sawasawa, funguo zinabaki kwake. Akishindwa, nitazitoa mimi.

Mwalimu wangu akafikiri. "Sawa. Lakini wewe hukai kwenye ndoo yako. Utakaa kule mlangoni. Humpi spana, humwambii neno, hata kukohoa hukohoi."

"Nikipaliwa je?"

"Upaliwe kimya kimya, Mama."

Tukacheka, na nikakubali.

Mume wangu tulimwambia tu kwamba mwana amekuja kujifunza. Alifurahi mno. Jumamosi asubuhi alivaa ile ovaroli yake ya buluu iliyochanika begani, akanyoa ndevu, akapaka mafuta kichwani kama anakwenda kuposa.

"Shikamoo, Baba," mwana akasema.

"Marahaba. Vua saa. Fundi havai saa."

Nikiwa kizingitini nilijisikia kama mzazi anayesubiri matokeo ya mtihani. Akawasha injini, akaiacha iungurume kidogo ili oili ipate moto na kulainika. Sawa. Akaizima. Sawa. Akaweka mawe kwenye matairi ya nyuma, akapiga jeki, akapachika gogo chini ya chasisi, akalitikisa gari kwa bega kuona kama limekaa. Sawa kabisa. Kila alipotenda jambo moja nilimwangalia mwana, na kila nilipomwangalia alikuwa anatikisa kichwa polepole kwa kukubali. Nilijiambia, unaona? Mikono haipotei.

"Mama watoto mbona kajitenga?" mume wangu akauliza. "Leo umenisusa?"

"Mgongo unaniuma," nikasema. Hilo nililiona si neno la kumsaidia.

"Uzee huo," akasema, akaingia chini ya gari akisukuma beseni mbele yake.

Nikaangalia miguu yake.

Nimeiangalia miguu ile chini ya gari lile tangu nywele zangu zilipokuwa nyeusi. Akifungua nati ya injini, visigino vyake hutokea sawa na tairi la mbele, hapo kwenye ndoo yangu. Siku hiyo miguu ilipita tairi, ikatulia sawa na mlango wa abiria. Nikajipa moyo: labda anajinyoosha, labda anatafuta beseni. Nikamngoja arudi mbele. Hakurudi. Nikasikia spana inauma nati, nikasikia anaguna, na mdomo ukaniwasha kama nimetafuna pilipili. Neno moja tu lingetosha. *Mbele.* Nilishika fremu ya mlango kwa mikono miwili. Nilikuwa nimetoa ahadi, na tena niliogopa. Nikisema, atakuwa ameshindwa, na aliyemshindisha ni mimi.

Kisha oili ikaanza kumwagika kwenye beseni. Kutoka pale mlangoni niliiona kwa chini ya gari, jua likaipiga, nzuri, nzito, ya rangi ya asali.

Maji yakimwagika hayazoleki, na oili ndiyo kabisa. Nilitamani ardhi inimeze mimi na lile beseni.

Mume wangu akatoka, akalivuta beseni nje, akalitazama kwa fahari. "Umeona?" akamwambia mwana. "Wenzangu wakimwaga oili inatoka kama lami. Tazama ya kwangu. Gari likiendeshwa na mtu mwenye akili haliichafui oili."

Mwana akainama, akaangalia. Mwanangu huyu anaweza kukupigia hesabu ya umbali wa mwezi, lakini gari analijua kwa rangi. "Safi kweli, Baba," akasema. "Sikutegemea."

"Hukutegemea nini?"

"Kwamba itakuwa safi hivi."

Akaingia tena chini, akaifunga nati, akaikaza vizuri kabisa, maana mikono yake ni kweli haikuwa imepotea. Ilikuwa inafanya kazi yake yote, ila nati siyo. Filta huibadilisha kila mara ya pili, na hii haikuwa mara yake, kwa hiyo hakukuwa na jambo jingine la kumshtua. Akafungua boneti, akachomeka faneli, akachukua galoni la oili mpya, akaanza kuimimina kwenye injini ambayo ilikuwa bado imejaa ile ya zamani.

Galoni lilikuwa linalia glu, glu, glu. Nimeshawahi kukaa kando ya kitanda cha mgonjwa nikaitazama dripu ikiisha, na sikuumia kama nilivyoumia hapo. Alimimina mpaka likaisha lote, akalikung'uta.

"Sasa tupime," akasema. Akachomoa kile kijiti cha kupimia, akakifuta kwa kitambaa, akakirudisha, akakichomoa tena, akampa mwana bila kukitazama. "Soma, mwalimu."

Mwana akakiinua juani. Oili ilikuwa imepanda juu ya alama, imeipita kwa mbali, inatiririka mpaka kwenye kidole chake. "Imejaa, Baba. Imejaa mpaka juu kabisa!"

Mwanangu oili anaiona kama chai ya mgeni, ikijaa ndiyo heshima.

Mume wangu akacheka, akampiga mwana mgongoni na mkono wenye oili, shati jeupe likaharibika, na mwana hakujali. Alikuja kwangu mlangoni, macho yamelowa, akaninong'oneza, "Umenishinda, Mama. Nilikuwa mjinga. Nilikuwa nataka kumzika baba yangu mzima."

Nilipaswa kusema hapo hapo. Badala yake nikaanza kupanga. Kichwa changu kilikwenda mbio kuliko pikapu lenyewe: mwana akiondoka, nitamwambia mzee alale, nitamwita fundi wa gereji kwa siri, atapunguza oili kwenye injini, atajaza giaboksi, atafunga mdomo, nami nitafunga wangu. Mume wangu atabaki na funguo na heshima yake. Kulikuwa na ubaya gani? Mke ni nguo ya mumewe, humsitiri. Nikajiona mjanja, hata nikatabasamu.

Ndipo mwana akamgeukia baba yake na kusema kwa sauti, "Baba, Jumatatu wajukuu utawapeleka wewe shule. Wamekuwa wakikuulizia. Mdogo kila siku anataka kukaa mbele na babu."

Uso wa mume wangu ulifunguka. Tangu ile siku ya ghala hakuwa amewapakia watoto, na hakuna aliyempa sababu. Tulimzungusha tu kwa visingizio. Akasema, "Waambie wajiandae mapema. Babu hangoji mtu."

Tabasamu langu likafa. Leo ningeita fundi, je, Jumatatu barabarani ningemwita nani? Nilimwona yule mdogo kwenye kiti cha mbele, miguu haifiki chini. Nikajua kwamba siwezi kumsitiri mume wangu kwa mtoto yule. Na wala sikuwa na njia ya tatu. Niliitafuta nikiwa nimesimama pale pale, Mungu shahidi yangu, niliitafuta kama mtu anayetafuta mlango kwenye ukuta.

Nikapiga moyo konde. Nikauvuka ua, nikainama, nikalivuta beseni mpaka miguuni pake.

"Mzee," nikasema, "hebu itazame tena hii oili."

"Nimeitazama. Safi."

"Inuse."

"Mama," mwana akasema, "si tumekubaliana?"

"Ulinikataza nisimsaidie. Simsaidii," nikamjibu. "Inuse, mzee wangu."

Akanitazama kama mtu anayetaniwa. Akachovya kidole, akakisugua kwa dole gumba, akakipeleka puani. Na hapo, wallahi, mume wangu alirudi. Nilimwona akirudi. Macho yalikaza, mabega yakanyooka, akawa yule bwana aliyekuwa akikuambia gari linaumwa nini kwa kulisikia likipita barabarani.

"Hii ni ya giaboksi," akasema.

Alikwenda mbele, akachomoa kijiti, safari hii akakisoma mwenyewe. Akalala chini, akachungulia, akaigusa nati ya mbele iliyojaa vumbi ambalo halikuguswa, kisha ya nyuma inayong'aa. Akainuka. Hakuhitaji hata kufikiri. "Injini imejazwa mpaka shingoni na oili ya zamani haijatolewa. Giaboksi kavu, haina tone. Gari hili likitoka hivi, gia zitasagana. Litakwama katikati ya barabara, na malori yanakuja nyuma."

Mwana alikuwa amegeuka kuwa rangi ya majivu. Alikitazama kidole chake mwenyewe, kile chenye oili.

Mume wangu akajifuta mikono kwa kitambaa, polepole, mpaka kwenye viwiko, kana kwamba uchafu wote ule ameupata sasa hivi kwenye beseni. Kisha akatutazama, kwanza mimi, kisha mwana.

"Nani amefanya hivi?"

Nguo zilikuwa zinapigwa na upepo kwenye kamba.

"Nimeuliza. Nani ameligusa gari langu?"

"Baba," mwana akaanza. Aliniangalia mimi. Yule yule aliyetaka funguo zitolewe leo, sasa alikuwa ananisihi kwa macho niseme chochote. Nilitaka kusema ni mimi. Neno lilifika kwenye meno. Lakini mikono yangu ilikuwa mikavu na misafi, na yeye angejua, maana kwa wakati ule alikuwa anajua kila kitu, isipokuwa hilo moja.

"Mnamficha," akasema. "Ni ndugu yenu, au rafiki yenu, mnamwonea haya. Sikilizeni niwaambie. Huyu si mtu mbaya. Ameikaza nati vizuri, gari amelipandisha vizuri. Aliwahi kuijua kazi. Lakini akili imemtoka, na mtu wa namna hiyo hapewi gari. Hata akilia. Hata akikwambia ni lake." Akamgeukia mwana kwa ukali. "Wajukuu wangu hupanda humu! Umelifikiria hilo?"

"Nimelifikiria, Baba," mwana akasema. Akaenda kwenye bomba, akafungua maji, akaosha uso, akaendelea kuuosha.

Mume wangu akashusha boneti taratibu, kwa viganja viwili, akaibonyeza mpaka ikalia. Akafunga milango. Akatia mkono mfukoni mwa ovaroli, akatoa funguo, akanishika kiganja, akaziweka humo na kukikunja kwa vidole vyake vyenye harufu ya kiberiti.

"Zifiche, mama watoto. Na mimi usiniambie ulikozificha. Najijua, nina huruma. Huyo mtu akija kunilalamikia naweza nikampa."

"Sawa," nikasema.

"Niahidi."

Nikamwahidi. Nilikuwa nimemwomba Mungu asubuhi ile kwamba zisitoke mikononi mwake, na sasa nilikuwa nimezifumbata.

Sasa yule mke mwenza wangu amefunikwa turubai, na kila asubuhi mume wangu akiamka hutoka kwanza uani kumtazama, kisha anarudi ndani, anakaa kitandani na kuniuliza kama yule mtu amekuja kuulizia funguo. Namwambia hajaja.

"Akija," ananiambia, "usimwonee huruma."

Namjibu sawa, kisha namwogesha na kumfunga vifungo vya shati.